Kabla ya Chupa ya Tatu, Angalia Hori

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na mambo ya sileji, lakini kuna jambo nimelivumilia muda mrefu na leo nalisema. Linahusu potasiamu. Usiikimbie makala kwa sababu ya jina. Ni ile ile unayoiona imeandikwa kwa herufi K kwenye mfuko wa NPK, ila leo tunaifuata ndani ya mwili wa ng'ombe.

Msimamo wangu ni huu: ng'ombe wa maziwa aliyelala chini, akapewa chupa mbili za kalsiamu na bado hainuki, hahitaji chupa ya tatu kwa kubahatisha. Anahitaji mtu aulize maswali mawili ya bure kabisa. Ameacha kula tangu lini? Na amechomwa sindano gani tangu aanze kuumwa? Kwenye mabanda mengi ninayopita, maswali haya hayana majibu. Kinachokuwepo ni chupa tupu zimepangwa ukutani, kila moja na bei yake, na kijana amekaa pembeni anajumlisha hasara.

Najua baadhi ya wenzangu tunaofanya nao kazi hii hawatafurahi. Sawa tu. Someni mpaka mwisho halafu tubishane.

Potasiamu inakaa wapi

Tuanze na hesabu, maana ninyi ni wafanyabiashara na hesabu mnaipenda.

Ng'ombe wa kilo 500 ana potasiamu ya takriban kilo moja mwilini. Karibu yote, asilimia 98 hivi, iko ndani ya seli, na sehemu kubwa iko kwenye misuli. Inayobaki nje ya seli, yaani kwenye damu na majimaji yanayozunguka seli, ni kama gramu 20 tu. Gramu 20 ni kama vijiko vinne vya chai.

Sasa angalia anachokula. Akila kilo 12 za malisho, ukiondoa maji yaliyomo, na malisho hayo yawe na potasiamu asilimia 2.5, kwa siku moja ameingiza gramu 300. Hiyo ni mara 15 ya ile iliyoko nje ya seli zake zote. Ingebaki kwenye damu, moyo ungesimama kabla ya jioni.

Haibaki, kwa sababu mwili una ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa haraka. Kila seli ina pampu ndogo kwenye ukuta wake, inayosukuma sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana. Mwanasayansi wa Denmaki, Jens Christian Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ng'ombe akishakula, insulini inaichochea pampu, na potasiamu inaingia kwenye misuli kusubiri zamu yake.

Ulinzi wa pili ni wa polepole, na huu ni wa figo. Juu ya figo kuna tezi zinazotoa homoni iitwayo aldosteroni. Potasiamu ikipanda kwenye damu, homoni hiyo inatoka, na figo zinaitupa potasiamu kwenye mkojo huku zikibakiza sodiamu. Ndiyo maana mkojo wa ng'ombe umejaa potasiamu, na ndiyo maana ng'ombe huyo huyo anapenda kulamba chumvi. Majani yana potasiamu tele na sodiamu kidogo. Mwili wa mla majani umetengenezwa kutupa ya kwanza na kubania ya pili.

Shika hapo, maana mengi yanayofuata yanatoka hapo. Figo za ng'ombe ni hodari wa kutupa potasiamu, lakini si hodari wa kuacha kuitupa.

Siku ya tatu bila kula

Ng'ombe amezaa, anatoa lita 20. Siku ya nane anapata ugonjwa wa kiwele, au kondo la nyuma limegoma, au ndigana imempiga. Anaacha kula. Mlango wa kuingizia umefungwa, lakini milango ya kutokea iko wazi. Figo zinaendelea kutoa. Maziwa nayo yanachukua: kila lita inaondoka na gramu 1.5 hivi, kwa hiyo lita 20 ni gramu 30 kila siku.

Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili tumbo linapunguza mwendo, kinyesi kinakuwa kidogo, kucheua kunapungua. Kumbuka kwamba misuli ya tumbo na utumbo nayo inahitaji potasiamu ili ijikunje. Ikipungua, tumbo linalegea, na tumbo likilegea ng'ombe hali, na asipokula potasiamu inashuka zaidi. Ni mzunguko, na hauvunjiki wenyewe kirahisi.

Ikishuka sana unamwona ng'ombe amelegea kama nguo iliyolowa. Miguu haibebi. Wengine hata shingo haiwezi kushika kichwa, kinaangukia ubavuni. Lakini macho yako hai, anakuangalia, anajua upo. Mtu mwenye haraka akiona shingo imepinda hivyo anasema "hii ni homa ya maziwa" na kuchomoa chupa ya kalsiamu.

Homa ya maziwa ipo, na kalsiamu inaitibu vizuri sana. Kwa kawaida inakuja siku moja mpaka tatu baada ya kuzaa, masikio yana baridi, na ukimpa kalsiamu inavyotakiwa wengi wanasimama ndani ya saa chache. Lakini aliyezaa wiki mbili zilizopita, ameumwa siku nne, hajala, ameshachomwa mara tano, halafu ndiyo analala? Huyo ni mwingine. Kumjazia kalsiamu hakumrudishii kilichopotea, na kalsiamu nyingi ikiingizwa haraka kwenye mshipa inaweza kuusimamisha moyo.

Na akiendelea kulala, uzito wake unabana misuli ya miguu ya nyuma na kuiharibu. Misuli hiyo ndiyo ghala la potasiamu yake. Ndiyo maana nasisitiza: ng'ombe aliyelala awekewe matandiko mazito, ageuzwe upande kila saa chache, apewe maji na chakula mdomoni pake. Usimwache kwenye saruji tupu ukisubiri dawa ifanye muujiza.

Sindano zinazoisukuma shimoni

Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Kuna steroidi zinazochomwa kwa ng'ombe aliyegoma kula, au mwenye ketosisi, kwa sababu zinapandisha sukari kwenye damu. Nyingine hazina neno zikitumika mara moja kwa mpango wa daktari. Lakini kuna mojawapo, isoflupredoni, ambayo ndani ya mwili inafanya kazi pia kama ile aldosteroni. Yaani inaziambia figo "tupa potasiamu", wakati ng'ombe hana ya kutupa. Kurudiarudia sindano hiyo kwa ng'ombe asiyekula ni njia inayojulikana kabisa ya kumfikisha mahali asipoweza kunyanyua kichwa.

Dripu ya sukari nayo ina lake. Sukari inaita insulini, insulini inasukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Kwa ng'ombe anayekula, hakuna shida. Kwa ambaye hajala siku tatu, kile kidogo kilichobaki kwenye damu kinapungua tena. Dripu ilikuwa na nia njema, potasiamu ndiyo ikashuka.

Sisemi usitumie dawa. Kiwele kikioza kitibiwe, ketosisi itibiwe. Ninachopinga ni mtindo wa watu watatu kumchoma ng'ombe mmoja ndani ya siku nne bila yeyote kuandika alichochoma. Masika iliyopita nilikuta hali hiyo kwa kijana mmoja mwenye ng'ombe sita. Huyu wa lita 22 alikuwa ndiye anayelipa mkopo. Nikauliza amechomwa nini. Akanijibu, "Mkuu, ile ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili sijui, ya tatu alikuja nayo mwenyewe akaondoka na chupa." Daktari tuliyempigia simu akauliza hayo hayo, na hakukuwa na cha kumwambia. Siku ya sita akachinjwa. Sitasema ni sindano zilizomuua. Nasema kwamba hata aliyetaka kumsaidia alikuwa anapapasa gizani, na kilichokosekana ni kalamu na daftari.

Ng'ombe huyo huyo, kabla ya kuzaa: hapa shida ni kuzidi

Sasa geuza upande. Mpaka hapa tumelia na upungufu. Kwa ng'ombe aliyekaushwa, wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa, adui anakuwa potasiamu iliyozidi.

Potasiamu nyingi kwenye malisho inaivuta damu kuelekea upande wa alkali. Damu ikiwa hivyo, homoni inayotoka kwenye tezi za shingoni na kuiagiza mifupa kutoa kalsiamu haisikilizwi vizuri. Ng'ombe anazaa, maziwa yanaihitaji kalsiamu kwa ghafla, mifupa haiachii, anaanguka. Juu ya hapo, potasiamu nyingi tumboni inazuia magnesiamu kufyonzwa, na bila magnesiamu homoni hiyo hiyo inazidi kukosa nguvu.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Goff na Horst, walichapisha jaribio walilofanya kwa ng'ombe wa Jersey. Waliwalisha kabla ya kuzaa viwango tofauti vya potasiamu, sodiamu na kalsiamu. Homa ya maziwa iliongezeka pale walipoongeza potasiamu au sodiamu. Kuongeza kalsiamu kwenye chakula hakukuleta tofauti hiyo. Kabla ya hapo wafugaji wengi walikuwa wanahangaika kuhesabu kalsiamu peke yake.

Kwetu hili linatuhusu sana, na sababu ni jinsi tunavyofuga. Kule Kilimanjaro, Rungwe au Lushoto, ng'ombe anafungiwa bandani, majani ya tembo au guatemala yako nyuma ya banda. Mkojo na samadi vyote vinamwagwa kwenye majani hayo hayo, msimu baada ya msimu. Kumbuka mkojo huo umejaa potasiamu. Majani nayo hayana kiasi, yanafyonza potasiamu kuliko yanavyohitaji. Yanakatwa yakiwa machanga, yanapelekwa kwa ng'ombe, ng'ombe anakojoa, mkojo unarudi. Potasiamu inazunguka uani kwako na kila mzunguko inaongezeka, kwa sababu pumba na mashudu unayonunua nayo yanaleta ya kwao.

Ongeza migomba. Shina la mgomba ni maji mengi, na katika kile kidogo kikavu kilichobaki potasiamu ni nyingi sana. Molasi nayo imejaa. Lusini iliyostawi nayo ni hivyo hivyo. Halafu kijana mwenye bidii anampa ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane majani mabichi kutoka kwenye shamba la samadi, migomba, na molasi "apate nguvu ya kuzaa". Akizaa anaanguka, na lawama zinakwenda kwa mbegu ya ng'ombe: "Hawa Jersey ni dhaifu bwana." Jersey kweli hupata homa ya maziwa kwa urahisi kuliko wengine, ila kwenye hori umemsaidia kuipata.

Kwa hiyo tenga. Samadi na mkojo vipeleke kwenye mahindi, migomba na mboga, visiishie kwenye majani peke yake. Acha kipande kimoja cha majani bila samadi kwa ajili ya wanaosubiri kuzaa. Wiki hizo tatu wape nyasi zilizokomaa zilizokaushwa, mabua ya mahindi, au sileji ya mahindi kama unayo, na ziwe ndiyo sehemu kubwa ya mlo. Vyakula hivyo kwa kawaida vina potasiamu ndogo kuliko majani machanga yaliyoshiba samadi. Magadi na molasi weka pembeni mpaka azae. Akishazaa tu, mlango unafunguliwa: sasa anahitaji potasiamu ya kutosha, na majani mazuri mabichi ni rafiki yake.

Ng'ombe mmoja, madini yale yale, ndani ya wiki nne shida imegeuka kutoka kuzidi kuwa kupungua. Hakuna chupa inayoweza kukufanyia mpango huo. Ni wewe na panga lako la kukatia majani.

Ndama anayeharisha: damu inadanganya

Kama unataka kuona kwa nini nasema kipimo cha damu peke yake hakitoshi, mtazame ndama.

Ndama wa wiki mbili anaharisha. Anapoteza maji, sodiamu, potasiamu, na ile alkali inayozuia damu isiwe na asidi. Asidi ikizidi, potasiamu inatoka ndani ya seli na kuja kwenye damu. Wakati huo huo amekauka maji, figo hazipati damu ya kutosha, haziwezi kuitupa. Matokeo: ukipima damu unakuta potasiamu imepanda, ukiangalia mwili mzima unakuta imepungua. Damu imejaa kwa sababu ghala linavuja. Na hiyo iliyojaa kwenye damu ndiyo inayovuruga moyo. Mapigo yanapungua kasi, yanakosa mpangilio, na ndama aliyekuwa amesimama asubuhi unamkuta amekufa mchana. Watu wanasema "ameharisha mpaka amekwisha". Mara nyingine kilichommaliza ni moyo.

Dawa ya hali hii ni kurudisha maji, sodiamu, sukari kidogo na alkali mapema. Asidi ikipungua na figo zikipata damu, potasiamu inarudi ndani ya seli yenyewe na ziada inatoka kwenye mkojo. Kwa hiyo:

- Ndama akianza tu kuharisha, mpe mchanganyiko wa chumvi za kuongeza maji wa ndama, lita 2 mara mbili au tatu kwa siku. Usisubiri macho yadidimie.
- Usimkatie maziwa. Ile desturi ya "mnyime maziwa tumbo lipumzike" inamnyima nguvu wakati anazihitaji zaidi. Mpe maziwa kwa saa zake, na mchanganyiko uje saa mbili au tatu baadaye. Usivichanganye kwenye ndoo moja.
- Pakiti ya ORS ya binadamu ni bora kuliko maji matupu kama hakuna kingine, lakini alkali yake ni ndogo kwa ndama aliyezidiwa. Nunua za ndama, weka mbili tatu kabatini kabla ndama hajazaliwa.
- Mwekee kidole mdomoni. Akinyonya kwa nguvu, anaweza kutibiwa kwa mdomo. Asiponyonya, mdomo una baridi na hawezi kusimama, huyo ni wa dripu ya mshipa ya daktari. Mpigie simu sasa hivi, usisubiri kesho.

Antibiotiki haimo kwenye orodha hiyo, na si kwa kusahau. Kuna ndama wanaoihitaji, na daktari atakuambia ni nani. Lakini antibiotiki bila maji ni kumtibu mdudu huku ndama anakufa.

Kuhusu joto, kwa kifupi

Wa Tanga, Pwani, Dar na Morogoro, hili ni lenu. Jasho la binadamu lina sodiamu zaidi, la ng'ombe lina potasiamu zaidi. Ng'ombe wa Friesian anayehema saa saba mchana chini ya bati anapoteza potasiamu kwa jasho, na wakati huo huo amepunguza kula kwa sababu ya joto. Anayekamuliwa anahitaji mlo wenye potasiamu kama asilimia 1 ya chakula kikavu. Kwenye joto kali inafaa kufika asilimia 1.5. Ukimlisha pumba na machicha ya bia kwa wingi na majani kiduchu, hafiki huko, maana machicha yana potasiamu kidogo sana. Mpe majani mabichi ya kutosha alfajiri na usiku kunapopoa, maji wakati wote, kivuli kirefu, na chumvi ya kulamba.

"Lakini daktari yuko mbali"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara, na silidharau. Kuna kata ambazo mtaalamu mmoja anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja. Mwenye sindano aliye karibu ndiye anayeitwa, na mfugaji anaona heri kitu kuliko kutofanya kitu.

Lakini angalia nilichokuomba mpaka sasa. Kujua ng'ombe ameacha kula lini hakuhitaji daktari. Kutenga majani ya wenye mimba hakuhitaji daktari. Kumpa ndama maji ya chumvi mapema hakuhitaji daktari. Umbali wa daktari ni sababu ya kufanya haya zaidi, siyo sababu ya kuyaacha. Anayekaa mbali na zahanati ndiye anayepaswa kujua homa imeanza lini.

Kuna jingine ninaloulizwa na wenye akili ya haraka: "Kama ni upungufu, si nimnunulie tu potasiamu?" Jibu: tiba ya ng'ombe aliyepungukiwa ipo, na ni rahisi kwa bei. Ni potasiamu kloridi safi, daktari anaikorogea kwenye maji na kuipitisha kwa mpira wa tumboni, kwa kipimo, huku akimwangalia ng'ombe. Ya mdomoni ni salama zaidi kwa sababu inaingia polepole. Ya kwenye mshipa ikiharakishwa inasimamisha moyo, basi. Na tafadhali sana, usichote mbolea ya MOP stoo kwa sababu umesoma kwamba nayo ni potasiamu kloridi. Imetengenezwa kwa ajili ya shamba, hujui ina uchafu gani, na hujui kipimo. Ndama anayeharisha ndiyo kabisa usimjaribu, kwa sababu kwenye damu yake tayari imejaa.

Ninachowaomba mfanye kuanzia kesho

Tundika daftari bandani. Kila ng'ombe awe na mstari wake, na kila siku uandike mambo matatu: amekula yote, nusu, au hajala, lita alizotoa, na dawa aliyopewa, jina kama lilivyo kwenye chupa, kiasi, saa, na nani amempa. Anayekuja kuchoma sindano asiondoke na chupa kabla hujaipiga picha. Akikataa, mwambie ndiyo utaratibu wa shamba. Wewe ndiye unayemlipa.

Ng'ombe aliyezaa ndani ya mwezi mmoja akigoma kula siku moja nzima, hiyo tayari ni simu kwa daktari. Usingoje alale. Mwambie daktari siku ngapi hajala, na msomee daftari. Na kama atakuandikia steroidi, muulize kwa adabu: "Daktari, hii inaweza kushusha potasiamu? Tutairudia?" Daktari mzuri hatakasirika. Atakujibu, na pengine atafikiri mara mbili.

Na huyo aliyelala tayari, kabla hujakubali chupa ya tatu, nenda kaangalie hori lake. Kama majani ya juzi bado yamo yamenyauka, una habari muhimu ya kumpa daktari kuliko jina la dawa yoyote uliyoisikia kwenye kundi la WhatsApp.

Wenye maswali niandikieni hapo chini, mkitaja ng'ombe amezaa lini na anakula nini. Wasiotaja hayo mawili nitawajibu kwa kuwauliza hayo mawili. Wiki ijayo tunarudi kwenye sileji kama nilivyoahidi.